Shosholoza na abiria tuliowasahau

Nyimbo za treni ni nyingi, lakini kwa upande wetu huu wa Afrika hakuna uliosafiri mbali kama Shosholoza. Unaimbwa viwanjani, harusini, kambini, na kwaya za shule. Wengi wanaouimba hawajui Kindebele wala Kizulu, na hawajawahi kukanyaga Afrika Kusini. Hata hivyo, uanzishe mbele ya watu wazima waliokaa pamoja, utaona nyuso zinavyobadilika. Mmoja atakumbuka jeshi, mwingine shule ya bweni, mwingine atamkumbuka marehemu baba yake na kunyamaza.

Mguso huo tunauchukulia kirahisi mno. Tunasema wimbo “unanikumbusha mbali”, tunapangusa machozi, tunaendelea na shughuli. Tunatamani treni, tunatamani utoto, tunatamani enzi. Lakini treni ya Shosholoza ilikuwa na watu ndani, na nyuma yake kulikuwa na watu waliobaki wakiwasubiri. Naamini hamu inayotushika tunapousikia ni hamu ya watu hao, na tukiishia kwenye treni tunakuwa tumeshuka kabla ya kufika.

Basi tuwatazame hao abiria. Dhahabu iligunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, na Johannesburg ikachipuka juu yake katika muda mfupi. Dhahabu ile ilikuwa imetawanyika ndani ya mwamba, tena kwa kina kirefu, na kuitoa kulihitaji mikono mingi ya malipo kidogo. Reli ilifika Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, mwaka 1897, ikawa njia ya kuwashusha vijana wa Kindebele kwenda kusini kupitia Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Shirika la kuajiri wachimbaji, ambalo watu walilifahamu kwa jina la Wenela, lilipeleka mawakala wake Msumbiji, Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), hadi nyanda za juu kusini mwa Tanganyika. Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilifunga mlango huo.

Wimbo ulizaliwa katika msafara huo, midomoni mwa wafanyakazi waliotoka Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Hauna mtunzi anayejulikana. Umejengwa kama nyimbo nyingi za kazi: mmoja anaanzisha, kundi linaitikia, na sururu zinashuka pamoja kwenye pigo moja. Aliyewahi kulima kwa ujima anaelewa faida yake. Mapigo yakiwa mamoja, hakuna anayempiga jirani yake, na aliyechoka hajitokezi peke yake mbele ya mnyapara. Anayeanzisha ndiye anayeamua kasi. Akiona wenzake wamelemewa, hurefusha neno, na kundi zima linapata pumzi moja ya ziada bila mtu kuomba ruhusa. Kwa hiyo ule mdundo tunaousikia kama magurudumu ya treni ulikuwa pia kipimo cha nguvu za binadamu waliofanya kazi hiyo.

Kuna jambo katika maneno yake ambalo hunivutia kuliko yote. Treni inakimbia milimani, lakini inaelekea wapi? Wako wanaoimba kwamba inatoka Rhodesia, na wako wanaoimba kwamba inatoka Afrika Kusini. Ya kwanza inakwenda mgodini, ya pili inarudi nyumbani. Wimbo umeziweka safari zote mbili kwenye kiitikio kimoja, na mwimbaji anachagua kwa jinsi moyo wake ulivyo siku hiyo. Nadhani hapo ndipo ulipo uwezo wake wa kuchokoza kumbukumbu. Kila mtu mzima ana safari aliyoondoka na safari aliyotamani kurudi.

Swali la jinsi wimbo wa kienyeji unavyoweza kumvuruga mtu aliye mbali na kwao ni la zamani. Mwaka 1688 daktari kijana, Johannes Hofer, aliandika huko Basel juu ya ugonjwa wa kutamani nyumbani uliowakamata Waswisi waliokuwa ugenini: hawali, hawalali, wanadhoofu. Baadaye mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alieleza kwamba askari wa Kiswisi waliokodiwa na majeshi ya nje walikatazwa kuimba wimbo wa wachunga ng'ombe wa kwao, kwa sababu waliousikia walilia, walitoroka au walikufa. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo sijaona aliyelisema vizuri zaidi: nguvu hiyo haimo kwenye muziki wenyewe. Mgeni akiusikiliza wimbo uleule hapati kitu. Unafanya kazi kama alama, na kinachomliza mtu ni maisha yake ya zamani aliyoyafunga humo.

Sayansi ya siku hizi imeongezea maelezo. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha utafiti wa watu waliosikilizishwa vipande vya nyimbo za ujana wao huku ubongo wao ukipigwa picha. Wimbo ulipoamsha kumbukumbu binafsi, sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo iliyochangamka, na sehemu hiyo ni miongoni mwa zinazochelewa kuharibiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Waliowauguza wazee wao wameliona hili bila mashine. Mzee hamtambui mwanawe, lakini ukianza wimbo wa ubatizo wake au wa jando, anamalizia ubeti.

Rousseau akiwa sahihi, basi mtu kama mimi asingepaswa kuguswa na Shosholoza. Sikuzaliwa Bulawayo, sijawahi kushuka mgodini. Lakini kila nikiusikia, picha inayokuja ni stesheni ya Mlimba, usiku, kwenye TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia.

Tulikuwa tukitoka Dar es Salaam na mama kwenda likizo kwa wazazi wake Rungwe. Treni ilipopunguza mwendo kuingia Mlimba, tulikuwa tumeshaamka kwa kelele za akina mama waliopanga koroboi chini kando ya njia. Sinia ziliinuliwa hadi dirishani: ndizi, miwa, mayai ya kuchemsha, wali uliofungwa kwenye jani la mgomba. Safari moja mama alinunua wali na treni ikaanza kuondoka kabla hajapewa chenji. Yule mama muuzaji aliushika mkono wa dirisha, akakimbia sambamba na behewa, sinia kichwani halijadondosha kitu, akahesabu sarafu kwenye kiganja cha mama huku akihema. “Shika, dada, safari njema.” Kisha giza likammeza, na mbele yetu yakaanza mahandaki ya kupanda kwenda Makambako.

Kwa miaka mingi nilidhani wimbo unanipeleka Mlimba kwa sababu ya treni tu. Treni na wimbo wa treni, basi. Jibu lilikuwa mwisho wa safari. Baada ya Mlimba ni Makambako, baada ya Makambako ni Mbeya, na kutoka Mbeya tunapanda basi la kwenda Tukuyu, alikokuwa babu.

Babu alikwenda Wenela miaka ya hamsini. Alisema kidogo sana juu ya huko. Alieleza kwamba walifika Francistown, Bechuanaland, wakapakiwa treni hadi Johannesburg, na kwamba kule chini ni joto. Alirudi na sanduku la bati lenye kufuli, blanketi zito, na kifua. Bibi alikuwa akisema, “Aliondoka anacheka, akarudi anakohoa,” na alilisema mbele yake bila kumficha. Tulipokuwa tukichimba mashimo ya migomba, babu alishika jembe na kuanza kuimba maneno tusiyoyaelewa, nasi wajukuu tukaitikia “sho, sho” kwa pamoja kila jembe liliposhuka. Alipokohoa wimbo ulisimama, akitulia tukaendelea. Nilikuwa mtu mzima, babu ameshazikwa, nilipousikia wimbo ule redioni ukiwa na jina, na historia, na kwaya kubwa nyuma yake. Niliketi chini.

Ninaeleza haya kwa sababu moja: alama aliyoizungumzia Rousseau inaweza kurithiwa. Maneno sikuyajua, lakini mwili uliyashika kupitia jembe. Babu alinipa wimbo bila maelezo, na kumbukumbu yangu ikaubandika mahali palipokaribia kufanana nao, yaani njia ya reli ya kwenda kwake. Wangapi kati yetu tunabeba nyimbo za namna hii, tukidhani ni za utoto wetu, kumbe ni za safari ya mtu mwingine?

Tena kikohozi kile kina jina la hospitali. Vumbi la mwamba wa dhahabu huingia kwenye mapafu, hukaa humo na kuyafanya magumu polepole, hata miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Huitwa silikosisi, na hurahisisha kifua kikuu kumwingia mtu. Mwaka 2018 kampuni kubwa za dhahabu za Afrika Kusini zilikubaliana na wachimbaji waliozishtaki kwa pamoja kulipa fidia ya randi bilioni 5 hivi, na Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaidhinisha mwaka 2019. Ni ushindi mkubwa, na mawakili waliousimamia wanastahili heshima. Lakini fidia hiyo inawahusu waliofanya kazi migodini kuanzia Machi 1965. Wazee waliokwenda kutoka Tanganyika na kumaliza mikataba yao kabla ya hapo wamebaki nje ya hesabu. Kwa watu kama hao, ushahidi pekee walioacha ni sanduku la bati na wimbo.

Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, alilijua hili. Alizaliwa mwaka 1939 Witbank, mji wa makaa ya mawe, na alilelewa na bibi yake aliyewauzia wachimbaji pombe nyumbani. Mtoto alikaa pembeni akiwasikiliza wanaume waliolewa wakitaja wake zao na mashamba yao. Mwaka 1974, akiwa uhamishoni, aliutoa wimbo wa Stimela, yaani treni, kwenye albamu yake ya I Am Not Afraid. Ndani yake kabla ya kuimba anazungumza, anazitaja nchi moja baada ya nyingine ambazo treni inawazoa wanaume, kisha anawashusha chini ya ardhi, anaeleza chakula wanachokula na mahali wanapolala, na mwisho anapiga kelele za filimbi ya treni kwa koo lake mwenyewe.

Ukiziweka nyimbo hizi mbili pamoja unaona kazi mbili tofauti za kumbukumbu. Shosholoza unasukuma: twende, tusonge, tufike. Ndiyo maana unafaa uwanjani. Stimela hauruhusu mtu ashangilie. Unamwambia msikilizaji nani yumo ndani ya behewa, na kwamba wenyewe wanapousikia mlio wa treni hiyo wanailaani. Mimi nazipenda zote mbili, lakini ningelazimika kumfundisha mtoto moja kwanza, ningeanza na Stimela, ili akiusikia Shosholoza ajue watu wanaosukumwa ni akina nani.

Kuna tukio la mwaka huohuo 1974 ambalo huniongezea mawazo. Tarehe 4 Aprili ndege ya Wenela iliyokuwa ikiwarudisha wachimbaji Malawi ilianguka baada ya kuruka Francistown, wakafa watu 78. Rais Banda akasimamisha uajiri wa Wamalawi. Ina maana wakati Masekela anaimba juu ya treni, wengi wa wachimbaji wa mbali walikuwa tayari wanasafirishwa kwa ndege. Hata hivyo hakuna wimbo wa ndege ulioshika nafasi ya wimbo wa treni. Ndege inamnyakua mtu na kumtua. Treni inapita vijijini, inasimama, inamwonyesha msafiri kila kilima anachokiacha, na aliyebaki anaweza kusimama kando ya reli akasikia mlio ukififia. Treni inampa kila mmoja muda wa kuagana, na huo ndio muda unaoingia kwenye wimbo.

Halafu kuna Robben Island, kisiwa cha gereza huko Afrika Kusini. Katika kitabu cha maisha yake, Nelson Mandela anasimulia kwamba kwenye machimbo ya chokaa, wafungwa wa makosa ya kawaida waliletwa karibu nao wakawa wanawakejeli kwa wimbo wakiwauliza walikuwa wanatafuta nini Rivonia, mahali walipokamatwa wengi wa viongozi wao. Wafungwa wa kisiasa wakajibu kwa wimbo wa treni inayoshuka kutoka Rhodesia ya Kusini. Walioimba walielewana kwamba ndani ya treni hiyo sasa wamo wapiganaji wanaokuja kupambana na jeshi la Makaburu. Safari iliyowapeleka wanaume kuuza nguvu zao ikawa safari ya kuwakomboa, bila kubadilisha mdundo. Baadaye askari jela waligundua, na kuimba kukapigwa marufuku.

Hawakuwa wakiota tu. Wapiganaji wa ANC, chama cha Mandela cha ukombozi, walikuwepo kweli kaskazini, na wengi walipita kwetu. Tangu katikati ya miaka ya sitini walikuwa na kambi Kongwa, mkoani Dodoma. Mkutano wao mkubwa wa mwaka 1969 ulifanyika Morogoro. Na shule yao ya Mazimbu ilikuwa hapohapo Morogoro. Kuna wazee wa Kongwa ambao walicheza mpira na vijana hao, na kuna watoto waliozaliwa huko wakabaki na mama zao baada ya baba kuelekea kusini. Kwa familia hizo, wimbo wa treni ya kusini una maana ambayo mtu wa nje hawezi kuibahatisha.

Mwaka 1995 wimbo ulipanda ngazi nyingine. Afrika Kusini iliandaa Kombe la Dunia la raga, kikundi cha waimbaji cha Ladysmith Black Mambazo kikaurekodi upya, na tarehe 24 Juni uwanja wa Ellis Park ukatikisika Afrika Kusini ilipoishinda New Zealand 15 kwa 12. Wazungu ambao wazazi wao hawakuwahi kupakiwa treni ile waliuimba kwa sauti kubwa. Wapo wanaoona hapo wimbo uliporwa. Sikubaliani nao moja kwa moja. Ladysmith Black Mambazo huimba kwa mtindo uliokuzwa katika mabweni ya wafanyakazi wahamiaji, ambako wanaume walicheza kwa kunyata usiku. Haki ya kuupeleka wimbo huo popote walikuwa nayo. Ninachosikitikia ni kwamba uwanja mzima uliimba, na baada ya hapo ikawa rahisi kuuimba bila kuuliza chochote. Leo unauzia vinywaji na vifurushi vya safari, na watu wanapata hamu ya treni tupu.

Na kwetu je? Siililii treni ya zamani. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam kufika Dodoma kwa saa chache, na nimefurahi kama Mtanzania yeyote. Mama wa Mlimba hakustahili kukimbia na sinia gizani ili mimi nipate kumbukumbu nzuri. Anayetamani hali ile irudi hajamfikiria yeye. Ninacholilia ni kwamba nyimbo za reli zetu hatujazikusanya kwa bidii inayostahili. Reli ya Kati iliwabeba manamba kwenda mashamba ya mkonge, na wao waliimba njiani na kondeni. Wajukuu wao wako Kimamba na Kilosa. Ni nani amewafuata na kinasa sauti?

TAZARA ni suala la haraka zaidi. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili Zambia isiendelee kuzitegemea njia za kusini baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965. Ni reli iliyojengwa kuikwepa ile iliyomchukua babu. Makumi ya maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina waliifanyia kazi, wakapasua milima ileile ya Mlimba hadi Makambako, na Wachina zaidi ya 60 walifia kwenye kazi hiyo, wengine wamelala makaburini Gongo la Mboto. Magenge yale yaliinua vyuma na mataruma kwa mikono, na hakuna kundi la watu linaloinua chuma cha reli kwa pamoja bila wimbo wa kuhesabia. Nyimbo hizo ziko vichwani mwa watu walio hai. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amepita 70.

Vyuo vyetu vina idara za muziki na historia, na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Redio za jamii zipo Ifakara, Njombe, Mbeya. Kinachohitajika ni mtu kukaa na mzee nusu siku, kumwomba aimbe alichokuwa akiimba kwenye genge, na kumuuliza aliyekuwa akianzisha alikuwa nani, alitoka wapi, na alikwenda wapi kazi ilipoisha. Mama yangu bado yupo, na ndiye pekee katika ukoo aliyemsikia babu akiuimba ule wimbo wake wote, na mabeti ambayo sisi wajukuu hatukufundishwa. Mwezi huu nakwenda Rungwe kumrekodi.